Mawazo ya Mzizimo

Jumamosi hiyo ya Novemba ukumbi wa hoteli ulifurika hata watu wakawa wanapishana kwa ubavu. Yalikuwa maonyesho ya vitabu vya katuni, na nusu ya New York ilionekana imekuja kutafuta toleo moja lililopotea. Corinne Maslowski, ndani ya koti la kijani la sufu na skafu ya manjano aliyoifuma mwenyewe, alikuwa amebanwa kwenye foleni ya kahawa. Mbele yake mwanamume mmoja alikuwa akimlalamikia mwenzake.

"Niliandika, 'Nimeingiwa na hofu isiyo na kifani.' Kitabu kimetoka kinasema, 'Naogopa.' Basi. Naogopa. Nani kamruhusu?"

"Puto la maneno lilikuwa dogo," Corinne akasema.

Mwanamume akageuka. Alikuwa mrefu, na koti lake la mahameli lilikuwa limechakaa viwikoni. Nywele zilikuwa zimeanza kuingia mvi juu ya masikio.

"Samahani, dada. Tunajuana?"

"Miaka miwili sasa. Mimi ndiye ninayeandika herufi za kitabu chako. Corinne. Na kiganja kinaniuma kwa ajili yako, Bwana Tolliver."

Everett Tolliver ndiye aliyekuwa akitunga visa vya Mzizimo, yule shujaa mwenye joho la buluu anayeweza kugandisha mto kwa pumzi moja. Alikuwa akipeleka kazi yake ofisini kwa mhariri, mchoraji akachora, kisha kurasa zikamfikia Corinne nyumbani kwake Queens, naye akajaza maneno kwa kalamu na wino. Hawakuwahi kuonana. Na hakuna aliyempa kazi kama Mzizimo, maana Mzizimo alikuwa mtu wa kuwaza. Akiruka, anawaza. Akipigwa ngumi, anawaza. Juu ya kichwa chake daima kulikuwa na yale mawingu meupe yenye viduara vinavyoshuka mpaka utosini, yamejaa maneno ambayo wenzake hawayasikii ila msomaji anayasoma.

"Kwa hiyo wewe ndiye mwizi wa maneno yangu," Everett akasema.

"Mtu anaanguka kutoka ghorofa ya arobaini. Unataka awaze 'isiyo na kifani'?"

Everett alimtazama kidogo, kisha akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa. "Nikununulie kahawa?"

"Na keki. Nimesema kiganja kinaniuma."

Ndivyo walivyoanza. Kufikia Pasaka Everett alikuwa na mswaki wake bafuni kwa Corinne. Alimwita "mwizi wangu", naye Corinne akamwita "bwana maneno", na siku za Jumapili alikaa mezani na gazeti huku Corinne akichora mistari myembamba ya kupangia herufi.

"Huyu Mzizimo wako anapenda kweli," Corinne akamwambia siku moja. Mbele yake shujaa alikuwa amesimama nje ya dirisha la mchumba wake, Lila, na wingu zima likasema jinsi sauti yake inavyomtuliza.

"Anapenda, ila mdomo mzito."

"Kama mtu fulani."

"Huyo simjui," Everett akasema, akageuza ukurasa wa gazeti.

Shida ilianza na siku za Alhamisi.

Kila Alhamisi Everett hakuwepo. Alisema ana mambo. Corinne hakuwa mtu wa kumchunguza mwenziwe, lakini macho anayo. Everett yule ambaye Jumatatu huvaa fulana yenye tundu, Alhamisi alivaa shati lililopigwa pasi na kunyoa ndevu mara mbili. Alipita duka la maandazi la pale kona akanunua maandazi ya chokoleti, sita, wala hayakufika nyumbani hata moja. Jioni alirudi ananukia sabuni kali isiyo yake, na hazungumzi mpaka kesho yake.

Kisha, mwezi wa tisa, simu ikalia.

"Everett yupo?" Sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyezoea.

"Ametoka. Nimwambie nani?"

"Yvonne. Mwambie Alhamisi awahi, tafadhali. Anasubiriwa kwa hamu. Na maandazi yawe ya chokoleti, yale ya mdalasini ya wiki iliyopita hayakuliwa."

Corinne aliweka simu chini taratibu, kisha akainyanyua tena akampigia Bernice, rafiki yake aliyekuwa akipaka rangi kurasa zilezile.

"Shoga," Bernice akasema baada ya kusikia yote, "shati safi, ndevu, maandazi, Yvonne. Unataka wakutumie kadi ya mwaliko?"

"Labda ni ndugu."

"Ana ndugu wa kike?"

"Hajawahi kusema ana ndugu yeyote."

"Basi umejijibu mwenyewe, mama."

Usiku ule Everett alipopewa ujumbe alishika kiti. Akasema, "Sawa, asante," kama aliyeambiwa bili ya umeme imefika.

"Yvonne ni nani?"

"Mtu wa shughuli zangu za Alhamisi."

"Shughuli gani?"

"Corinne, nakuomba. Si unavyodhani."

"Hujui ninavyodhani."

Wiki iliyofuata kurasa mpya zikaja. Mzizimo alikuwa amekaa juu ya paa, mgongo umepinda, na Everett alikuwa amempa mawazo haya: "Lila akijua ninakokwenda, hatanitazama tena kama zamani. Ataondoka kama yule mwingine." Corinne aliyaandika herufi moja moja. Kalamu ilikwama mara mbili. Yule mwingine. Kwa hiyo alikuwepo mwingine kabla yake, naye aliyajua akaondoka.

Alimwonyesha Everett ukurasa. "Hii ni nini?"

"Ni hadithi."

"Yako au ya Mzizimo?"

"Ya Mzizimo," Everett akasema bila kumtazama.

Ajabu ni kwamba baada ya hapo Mzizimo aliacha kuwaza. Toleo la Novemba lilikuja bila wingu hata moja. Kurasa ishirini na mbili shujaa anaruka, anapigana, anatazama mvua, na juu ya kichwa chake hakuna kitu. Corinne alipekua karatasi zote akidhani nyingine zimesahaulika ofisini. Alimpigia mhariri, Bwana Haskell.

"Si mimi," Haskell akasema. "Ni yeye mwenyewe. Anadai ndiyo mtindo wa sasa, mawingu yamepitwa na wakati. Mimi naona sawa tu, tunapata nafasi ya picha."

Corinne hakuona sawa. Kwa muda wote huo kile kitabu kilikuwa ndilo dirisha pekee la kuingilia kichwani mwa mwanamume huyu, na sasa alikuwa amelifunga kwa ndani. Mtu hafungi dirisha bure. Siku tatu alizitazama zile picha bubu. Siku ya nne, ukurasa wa mwisho, pale Mzizimo anapomkumbatia Lila na kutazama pembeni, Corinne alichora wingu kwa mkono wake, akalitilia viduara vyake, na ndani akaandika kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika: "Namdanganya."

Akazifunga kurasa, akazipeleka posta.

Wiki mbili baadaye Everett alikuja na nakala ya majaribio mkononi. Hakuvua koti.

"Umeandika nini hapa?"

"Anachowaza."

"Sikumwandikia awaze chochote."

"Ndiyo maana nimemsaidia."

"Haskell nusura akufukuze. Nimemwambia ni kosa langu." Alikaa ukingoni mwa kiti. "Utajuaje mtu anawaza nini, Corinne? Utajuaje?"

"Sitajua. Kwa hiyo nakuuliza kwa mdomo, na ujibu kwa mdomo. Nani anakusubiri Alhamisi?"

Everett alifungua kinywa. Kwa sekunde mbili tatu Corinne aliona kabisa kwamba neno lilikuwa pale, nyuma ya meno. Kisha akakifunga.

"Siwezi," akasema.

"Basi chukua mswaki wako."

Aliuchukua. Hilo ndilo lililomuuma Corinne kuliko yote, kwamba aliingia bafuni kimya, akautoa, akauweka mfukoni mwa koti kama kalamu.

Majuma matatu yalipita. Bernice alimwambia amepona vizuri. Corinne alijua hajapona kitu, na Alhamisi ya nne, saa sita mchana, alijikuta amesimama ng'ambo ya duka la maandazi akiwa amevaa koti jeusi la kuazima na kofia ya Bernice iliyomfunika nyusi. Aliona haya, lakini hakuondoka. Everett alitoka na mfuko wake wa karatasi. Amekonda. Shati limepigwa pasi vilevile.

Alimfuata ndani ya treni ya chini ya ardhi, behewa la nyuma yake, kisha basi, mpaka Brooklyn karibu na maji, penye jengo kubwa la matofali lenye bendera mbele. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye sweta ya pinki juu ya gauni jeupe. Alimshika Everett mkono kwa mikono yote miwili, wakaingia wakiongea, vichwa karibu karibu.

Corinne akavua kofia. Alivuka barabara, akasukuma mlango, akapigwa na harufu ile ile ya sabuni kali. Ilikuwa harufu ya sakafu. Ukutani kulikuwa na kibao: wageni wa askari wa zamani wajiandikishe hapa.

Aliwakuta ghorofa ya pili, katika chumba kikubwa chenye jua. Yule mwanamke, ambaye beji yake ya muuguzi ilimtaja Yvonne, alikuwa akimfunga kitambaa kifuani mgonjwa aliyeketi karibu na dirisha. Mgonjwa alikuwa Everett mwingine, Everett mwembamba zaidi, aliyenyolewa na mtu mwingine. Na Everett mwenyewe alikuwa ameinama akimkatia andazi vipande vidogo.

Aliinua macho akamwona. Kisu kikabaki hewani.

"Umenifuata," akasema.

"Ndiyo."

Yvonne aliwatazama wote wawili. "Wewe ndiye uliyepokea simu," akamwambia Corinne kwa upole. "Nendeni kule kibarazani. Nitamlisha mimi."

Kibarazani kulikuwa na benchi la chuma, baridi. Everett alikaa akifuta chokoleti vidoleni.

"Anaitwa Dwight," akasema. "Mdogo wangu. Tulikuwa wawili tu. Ilipokuja vita ya Vietnam mimi nilikuwa chuoni, jeshi likaniacha. Yeye hakuwa chuoni, likamchukua. Alirudi mzima, mikono miguu yote, ila hakusema neno. Miaka kumi na minne, Corinne. Madaktari wanasema koo halina kasoro."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa na mchumba zamani. Nilimleta hapa mara moja. Alilia ndani ya basi njia nzima, na wiki iliyofuata akarudisha pete. Alisema hakumwogopa Dwight, aliniogopa mimi ninavyokuwa nikitoka hapa." Akafuta vidole tena. "Nikajiapia simleti mtu mwingine."

"Na Mzizimo?"

"Kila Alhamisi nilimsomea. Mimi namtazama Dwight, yeye anatazama dirisha, nami najiuliza ana nini kichwani. Nikawa nayaandika. Yote yale unayoyaandika wewe mpaka kiganja kinauma, nilikuwa namtungia yeye, nachanganya na ya kwangu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mwezi wa tisa nikamsomea toleo jipya. Nilipomaliza, akageuka. Akasema, 'Mtu hawazi maneno yote hayo.'"

Corinne akamgeukia. "Alisema?"

"Kwa sauti ileile ya mtoto niliyekua naye. Yvonne aliangusha sinia. Ndiyo maana alipiga simu, Dwight alikuwa ameanza kuniulizia. Na mimi nikaona aibu. Miaka yote nimemjazia kichwa chake kwa kelele zangu. Nikaacha. Nilishindwa kuandika hata wingu moja."

Corinne alikuwa ameishika kofia ya Bernice kwa mikono miwili. Hasira ilikuwa bado ipo, ila haikujua pa kwenda.

"Kuna lingine?" akauliza.

"Lingine lipi?"

"Lolote. Nimechoka kukisia, Everett. Nimekufuata kama mpelelezi wa katuni, nimevaa kofia ya watu. Kama kuna lingine, liseme sasa nikiwa nimeshakaa."

Alifikiri. "Lipo. Wenye vipindi vya televisheni kule Los Angeles waliniita kazini. Ulipouliza juu ya Yvonne, nilitaka kukubali. Nikuage nikaondoke, ili nisikwambie hili."

"Ungemwacha Dwight?"

"Hapo ndipo niliposhindwa."

"Mimi ungeniacha."

Everett hakukwepa. "Kwa siku mbili, ndiyo. Nilikuwa mwoga."

Lilikuwa jibu baya, na Corinne aliligeuzageuza akitafuta uongo ndani yake. Hakuuona. Upepo wa mtoni uliwapiga usoni.

"Nataka unioe," Everett akasema. "Hapana. Nataka tuoane. Nimelisema vibaya. Ungelifupisha wewe."

"Halihitaji kufupishwa." Corinne aliiweka kofia benchini. "Siku nikikuuliza kitu, utanijibu papo hapo. Hata jibu likiwa baya kama la sasa."

"Nitajibu."

"Sikuamini bado."

"Najua."

"Lakini nakubali," Corinne akasema.

Walirudi ndani. Corinne alivuta kiti akakaa mbele ya Dwight, akajitaja jina, akamwambia kazi yake. Dwight alimtazama kwa muda mrefu, macho ya kijivu yasiyopepesa. Corinne hakujaribu kukisia. Alisogeza sahani ya maandazi karibu yake, akasubiri.

Walioana Juni, katika ofisi ya jiji, Bernice akiwa shahidi ndani ya gauni la zambarau lililowashinda wote. Dwight aliletwa na Yvonne, amevaa suti ya kaka yake. Siku nzima hakusema kitu. Alikula vipande vitatu vya keki, akafungua kifungo cha juu cha shati, akasinzia kitini katikati ya picha, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.