Mnong'ono wa Darini

Yaliyomkuta mshonaji wa nyumba ya kona, majirani zake huyasimulia jua likiwa limefunikwa na wingu. Likiwaka, hubadilisha mazungumzo.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Mshonaji alimwogesha baba mkwe wake, mzee aliyepooza miguu, akamlaza chumba cha nyuma, kisha akaketi sebuleni kwenye cherehani. Siku hizi cherehani hiyo ilitumia umeme wa jua. Fundi alikuwa amefunga paneli juu ya bati, akapitisha nyaya zote mbili kwenye tundu moja la bati hilo, bila bomba la kuzikinga.

"Bomba limeniishia, dada. Nitarudi," alisema, akabeba ngazi yake akaenda. Fundi akisema atarudi, andaa kiti cha kusubiria.

Jua lilipofika utosini, mzee aliita.

"Mkwe. Nani yuko darini?"

"Panya, baba."

"Panya hanong'oni."

Mshonaji alicheka, akaenda kumridhisha tu. Akasimama chini ya dari akasikiliza. Ssss. Kama mtu anayesema siri meno yakiwa yameumana. Wingu likapita, sauti ikakatika. Jua likatoka, ikaendelea.

Hakucheka tena.

Alimwita kinyozi wa jirani dirishani. Kinyozi alikuja na ndoo yake ya maji ya kuoshea wateja, na maneno yake. "Mzee, umewakosea nini wachawi? Au kuna bibi ulimwahidi ndoa ukaingia mitini?" Kisha akanusa. Plastiki ilikuwa inaungua. Akainua ndoo.

Mshonaji alikimbilia swichi kuu ukutani, akaizima. Taa ya cherehani ikafa. Feni ikasimama. Darini, mnong'ono ukaendelea.

Alimpigia fundi simu, akamweleza.

"Makali ya bati yamekata nyaya, dada. Umeme unaruka kutoka waya hadi waya. Swichi haifiki huko, na jua likiwaka paneli hazilali. Msimwage maji! Zifunikeni, zikose jua."

"Kwa ngazi ipi?"

"Nakuja," fundi alisema.

Kinyozi aliweka ndoo chini, akatoka mbio kutafuta ngazi mtaani.

Tone la plastiki linalowaka liliangukia mto, karibu na sikio la mzee. Mshonaji alishika godoro kwa mikono miwili, akalivuta hadi sakafuni, mzee akiwa juu yake. Likakwama kizingitini. Kwenye ufa wa dari palikuwa na mwanga wa bluu, ukitetemeka.

"Niache, mwanangu," mzee alisema. "Una watoto."

"Nyamaza, baba. Shika shuka."

Alivuta. Halikusogea.

Kisha bati likalia. Mtu alikuwa anatembea juu. Taratibu. Kutoka ukingoni mpaka kwenye paneli.

"Kinyozi?" mshonaji alinong'ona.

Hatua zikasimama. Kitu kikaburuzwa juu ya kioo. Kikaburuzwa tena. Mwanga wa bluu ukafifia. Mnong'ono ukakatika.

Nje hakukuwa na wingu hata moja.

Godoro liliachia. Alipomfikisha mzee uani, kinyozi ndio kwanza alikuwa anaingia getini, jasho likimtiririka, ngazi begani.

Wakatazamana. Kisha wakainua macho kwenye bati.

Fundi alifika, akapanda. Mshonaji alipanda nyuma yake, akasimama kwenye ngazi, kichwa kikiwa sawa na ukingo wa bati. Boriti chini ya tundu ilikuwa imeungua nusu. Nyaya zilikuwa zimeyeyuka zikashikana. Na paneli zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, zilikuwa zimepakwa udongo mwekundu, mzito, wenye alama za viganja.

"Aliyewapandia huku amewaokoa," fundi alisema. Akatoa kitambaa, akafuta.

Kitambaa kilibaki cheupe.

Akasugua tena, kwa nguvu. Akapitisha ukucha. Kioo kilikuwa kikavu. Hakikuwa na ufa.

"Dada," alinong'ona. "Shuka."

"Kuna nini?"

"Udongo uko ndani."

Mshonaji hakushuka. Alitazama. Chini ya kioo, viganja vyote vilikuwa vimebanwa kwa ndani kama vinavyosukuma kutoka, vidole vimetanuliwa. Kutoka kwenye kimoja, tone la udongo mbichi lilikuwa bado linateremka.