Saa Mbili za Marehemu Mutembei

Jua lilikuwa linazama Alistidia alipoingia kwa Ta Kahigi, fundi saa wa mtaa wa Bilele, akafungua kitambaa juu ya meza. Ndani mlikuwa na saa mbili za kuzamia, nyeusi na ya buluu, zote za marehemu mumewe, Mutembei. Shemeji yake Rweyemamu, ambaye ndiye mrithi, alikuwa amemtuma aulize ipi bora ili aichukue yeye. Ndivyo walivyo warithi, jamani. Machozi hayajakauka, macho yako kabatini.

"Mawe, mama yangu! Hizi nazijua," Kahigi alicheka. "Mutembei alivaa zote mbili, moja huku, moja huku, anazipima kama mwanamume mwenye wake wawili. Haya, Ma Alistidia. Hii nyeusi ni nzito, lakini namba zake zinawaka gizani. Ya buluu nyepesi, na kioo chake hakichubuki ovyo. Mashine ni ileile."

"Mbona zimesimama? Betri?"

"Hazina betri, mama. Mkono ukitembea, humu ndani kuna kibati kinazunguka, kinakaza springi. Ukiivua, siku mbili hazifiki, inalala. Hizi zinaishi kwa mkono wa mtu."

Akafungua ya buluu. Mutembei aliiacha kabatini asubuhi ya tarehe tatu, siku aliyokwenda kisiwa cha Goziba kuzamia nyavu zilizonasa kwenye miamba. Kidirisha cha tarehe kilisoma nne, na springi ilikuwa imelegea. Sawasawa kabisa.

Akafungua nyeusi.

Akaigeuza, akaisoma mara mbili.

"Hii alikuwa nayo ziwani?"

"Ndiyo. Mtumbwi ulipinduka siku hiyohiyo."

"Inasoma kumi na mbili. Saa tisa na dakika kumi."

Alistidia alihesabu siku. Tarehe kumi na mbili, saa tisa alasiri, ndipo walipozika kule kijijini Kaagya. Mwili haukupatikana, kwa hiyo ukoo ulikata mgomba, ukauvisha sanda, ukauita Mutembei, ukaufukia. Wazee walitaka wangoje hata mwezi. Yeye ndiye aliyesema basi, azikwe, amechoka kulala chini na waombolezaji. Na Kaagya kila mtoto anajua: ukimzikia mgomba mtu aliye hai, umemuua wewe.

"Maji ndiyo yaliyoitikisa," alinong'ona. "Maji si yanatikisa, Ta Kahigi? Niambie yanatikisa."

Kahigi aliisogeza saa puani. Ilinuka ziwa na dagaa. Chini ya harufu hiyo ilinuka jasho la mtu.

"Ndani hamna hata tone," alisema polepole. "Na springi imekaza mpaka mwisho, mama. Hii haikuishiwa nguvu. Ilikuwa mkononi mwa mtu siku zote hizo tisa, halafu..."

"Halafu?"

"Imesimama tu."

Nje pikipiki ilipita, kisha mtaa ukatulia. Kahigi alishusha sauti. "Nani alikuletea?"

Alistidia alikumbuka vizuri mno. Jioni ileile ya maziko, wageni wakiwa bado uani mbele, mtu aligonga mlango wa jikoni, upande wa migombani.

Ngo... ngo...

Alifungua. Alisimama mwanamume, kofia ya koti imemfunika uso, maji yanamchuruzika mpaka miguuni. Alidhani ni mvuvi wa Goziba aliyeiokota saa. Alimkaribisha ndani apate hata uji wa moto, akakataa kuvuka kizingiti. Alinong'ona swali moja tu, kwa Kihaya, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyepiga kelele siku nyingi.

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza, mmeshazika?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, tumeshazika."

Kahigi aliweka bisibisi chini. Mtu yule wa utani hakuwa na utani tena. "Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliivua mkononi mwake, akanipa." Alistidia akaanza kulia. "Nami nikamwambia asante baba, Mungu akubariki. Nikafunga mlango."