Mjomba Marete na Gego la Mwisho

Marete wa Githongo alipenda kuongea. Katika harambee na mikutano ya wakulima wa kahawa, watu walimpa nafasi, kisha wakaanza kuangalia saa. Mkewe, Nelius, alimpenda hivyo hivyo, na maneno yake yote.

Wiki hiyo alikuwa na kazi kubwa. Jumamosi, jamaa za mchumba wa mpwa wake Karwirwa wangekuja na kitita cha miraa, kumwomba msichana. Baba yake Karwirwa alikuwa amefariki. Mama yake, dada yake Marete, alisema, "Kaka, wewe ndiye utaongea. Sitaki mwingine."

Lakini gego la mwisho la Marete, lile la nyuma kabisa, lilikuwa limeota upande. Fizi ilivimba na usingizi ukapotea. Jumanne akaenda mjini Meru kung'olewa.

Daktari alimdunga sindano ya ganzi, akang'oa gego, akampa kipande cha bandeji akiume. Kisha akaanza kumweleza jinsi ya kujitunza. Marete naye, bandeji mdomoni, alikuwa akimweleza daktari habari za Jumamosi. Waliongea wote wawili kwa pamoja, na Marete hakusikia lolote.

Nyumbani aliona damu kwenye mate, akashtuka. Mama yake, Gatakaa, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe.

"Tema, mwanangu," alisema. "Hiyo ni damu mbaya. Usiiache ndani."

Marete akatema. Akasukutua kwa maji ya chumvi kwa nguvu, akatema tena. Nelius akachemsha maji, akamkanda shavu kwa kitambaa cha moto, kama yeye alivyokandwa alipojifungua. Damu ikazidi na shavu likavimba.

"Sasa Jumamosi nitaongea aje?" Marete aliuliza kwa shida. Machozi yalimlengalenga. Aliogopa kumwangusha dada yake mbele ya wageni.

Nelius akamwita jirani yao Kagure, mhudumu wa afya ya jamii. Kagure alinawa mikono, akammulika mdomoni kwa tochi ya simu.

"Mzee Marete, acha kutema."

"Ati niache?"

"Ndiyo. Damu inatakiwa igande ndani ya shimo la jino. Ndiyo kifuniko cha kidonda. Ukitematema au ukisukutua kwa nguvu, unakiondoa. Mfupa ukibaki wazi, utaumwa mpaka kwa sikio."

Gatakaa aliacha maharagwe. "Kwani si damu mbaya?"

"Hapana, shosho. Hiyo inamsaidia apone."

"Na huu uvimbe?" Nelius aliuliza.

"Leo tumia baridi, mama. Moto unafanya damu izidi. Kitambaa cha vuguvugu ni baada ya siku mbili."

Kagure akakunja bandeji safi, akamwambia Marete aiume nusu saa bila kuongea.

"Bila kuongea?" Nelius alijaribu kutocheka, ikamshinda.

Damu ikakoma. Nelius akachota maji ya mfereji, yale ya kutoka mlimani yanayoganzisha vidole. Akalowesha kitambaa, akakiweka shavuni dakika kumi na tano, akakiondoa shavu lipumzike, kisha akarudia.

"Kuanzia kesho," Kagure alisema, "maji ya chumvi yawe vuguvugu. Ayazungushe mdomoni polepole, kisha ayaache yatoke yenyewe. Uji upoe, anywe kwa kijiko. Asifyonze kwa mrija. Asiguse pombe, ugoro wala miraa. Alale kichwa kikiwa juu, na dawa anywe vile daktari aliandika."

"Na shavu likizidi?"

"Litazidi siku mbili tatu, kisha litashuka. Hiyo ni kawaida. Lakini damu isipokoma, akipata homa au usaha, akishindwa kumeza au kupumua, ama maumivu yazidi badala ya kupungua, mrudisheni hospitali mara moja."

Alhamisi shavu la Marete lilikuwa kubwa kweli. Gatakaa mwenyewe alimpondea viazi na ndizi, laini kabisa. Ijumaa jioni uvimbe ulianza kushuka. Nyumba ilikuwa kimya, na Nelius akashangaa kuona anazitamani kelele za mumewe.

Jumamosi wageni walifika. Marete alipokea kitita cha miraa kwa mikono miwili, akakiweka mapajani.

"Mbona hutafuni, mzee?" mgeni mmoja aliuliza.

"Nimeng'olewa jino. Wacha kidonda kipone."

Kisha akasimama. Watu wa Githongo wakajiweka vizuri kwenye viti, maana walimjua.

"Karwirwa ni mtoto wetu," alisema polepole. "Baba yake hayupo, lakini sisi tupo. Mtunzeni. Nimemaliza."

Watu wakangoja aendelee. Dada yake akajifuta machozi kwa leso. Kisha makofi yakalia, na siku hiyo chakula kililiwa kikiwa bado moto.

Karwirwa alimletea mjomba wake uji uliopoa na kijiko. Akainama, akamnong'oneza.

"Mjomba, magego kama hilo umebaki nayo mangapi?"

"Matatu."

"Basi ukiambiwa yang'olewe, usiyamalize. Niwekee moja la kung'oa wiki ya harusi."