Mwizi Aliyezoa Hata Chembe

Mwizi alikuwa ameacha kamera tisa nzima na kuchukua tangi moja bovu.

Inspekta Milena Velchova alisimama mbele ya kabati la kioo, kwenye ukumbi wa nyumba ya utamaduni ya mji wa Ruse, Ijumaa asubuhi. Kamera zote zilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni tangi la kusafishia filamu, la bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, ambalo kwa miaka kumi lilikuwa limelala humo vipande vinne juu ya kitambaa cheupe.

"Filamu ya kwanza ya klabu yetu ilisafishwa kwa hilo," alisema Ognyan Mirchev, mwenyekiti wa klabu ya wapiga picha. "Na kesho tunatimiza miaka sitini. Nilirudi safari leo, nikakuta pengo."

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi. Na Stoyna, anayefanya usafi. Nimemwambia asikanyage hapa tena."

"Una ushahidi gani?"

"Ufunguo si ushahidi?"

Stoyna alikuwa amekaa kwenye ngazi, koti mapajani, macho mekundu. Inspekta akakaa kando yake.

"Mama, uliona lini kwamba halipo?"

"Jumanne. Nikadhani bwana mkubwa kalipeleka kupambwa kwa ajili ya sherehe." Alijifuta pua. "Nimefuta vioo hivi miaka kumi na tisa, mwanangu. Kama ningekuwa mwizi, si ningeiba kitu kizima?"

Velchova aliandika hilo daftarini. Alirudi kwenye kabati. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa amekwisha kumaliza: kwenye kioo na kufuli, hakuna alama za mgeni.

Inspekta akapiga magoti nyuma ya kabati. Ubao wa nyuma ulishikiliwa na skrubu sita. Zilikuwa zimefunguliwa na kurudishwa. Rangi ya zamani ilikuwa imechubuka. Lakini mfuo wa bisibisi kwenye kichwa cha kila skrubu ulikuwa umesimama wima, zote sita, kama askari kwenye gwaride.

"Wewe ndiye uliyezikaza hivi?"

"Mimi sijawahi kushika bisibisi," alisema Mirchev.

"Una picha ya tangi lenyewe?"

Alikuwa nayo, ya mwezi uliopita. Vipande vinne, na kuvizunguka, chembechembe nyeusi ndogo kama punje za pilipili manga. Velchova aliinamia kitambaa na kurunzi. Hakukuwa na chembe hata moja.

"Zimezolewa zote," alisema. "Anayetaka kuuza hana haja na chembe. Anazihitaji anayetaka kuunga. Nani mjini humu anaunga bakelaiti?"

Mirchev alikohoa. "Hakuna. Labda mzee Tsonyo Penchev, aliyekuwa na karakana ya kamera. Alikuja mara tatu kuniomba nimwachie. Nikamwambia halitengenezeki. Nikaliwekea na kadi inayosema hivyo."

Mzee Tsonyo alifungua mlango kabla kengele haijanyamaza. Vidole vyake vilikuwa na masizi. Mezani, kati ya msasa na chupa ya spiriti, tangi lilikuwa limesimama, zima.

"Ingia, binti. Nilitaka kulirudisha mchana huu."

"Ulilichukua lini?"

"Jumatatu. Mlango wa ukumbi huwa wazi."

"Kwa nini siku nne?"

"Ukiharakisha, gundi inakucheka. Nilikwangua kwanza ile gundi ya haraka ambayo mtu aliipaka zamani, nikasugua kingo, nikazifuta kwa spiriti. Halafu gundi ya mirija miwili, nikaichanganya na masizi ili mwanga usipenye kwenye mshono. Chembe nilizipanga kwa kibanio. Nikalifunga kwa mikanda ya mpira, nikaliacha siku nzima likauke."

"Unajua huo ni wizi?"

"Najua. Andika." Alinyoosha mgongo. "Miaka arobaini na moja nimetengeneza kila kamera iliyoanguka mjini humu. Kisha wanafunzi wanaletwa wasome kadi: halitengenezeki. Kila nilipopita niliisoma, nikaona imeandikwa juu yangu."

"Stoyna amefukuzwa kazi kwa sababu yako."

Rangi ikamtoka mzee. Alichukua koti, akalifunga tangi kwa taulo, akatangulia kushuka ngazi.

Ukumbini, mbele ya Mirchev na Stoyna, alikiri bila kupunguza neno. Alimwomba mama huyo radhi kwanza, kabla ya mwenyekiti. Kisha akajaza tangi maji, akafunga kifuniko, akalishikilia juu ya hotuba ya Mirchev iliyokuwa mezani. Wakasubiri. Karatasi zilibaki kavu.

"Na mwanga?" aliuliza Mirchev, sauti imeshuka.

Mzee alitoa mfukoni ukanda wa filamu aliyoisafisha jana kwa tangi hilo. Mwenyekiti aliuinua dirishani, akaukagua fremu moja baada ya nyingine. Hakuona mstari wala doa la mwanga.

"Sitafungua mashtaka, Inspekta," alisema. "Mama Stoyna, nilikukosea. Rudi kazini, tafadhali."

"Jumatatu," alisema Stoyna. "Kesho nakuja kama mgeni."

Velchova alifungua daftari. "Mzee Tsonyo, kwenye maelezo yako natakiwa kujaza kazi yako. Nikuandike mstaafu?"

"Fundi," alisema mzee. "Andika fundi."