Huko Ni Wapi?

Mkono wa hina, ile mashine ya saluni ya Pongwe Mpya, ulikuwa na vidole saba, na kila kidole kilikuwa na kibomba chembamba kuliko sindano ya kushonea. Ulichora bibi harusi kutoka kucha mpaka kiwiko kwa dakika nne tu, bila kutikisika, bila kupiga soga na bila kuomba chai. Mafundi wa hina wa zamani waliuchukia zaidi kwa hilo la chai. Shughuli gani ya harusi hiyo, jamani?

Jumatano asubuhi alikuwa amelala chini yake Saumu, anayeolewa kesho yake. Alikuwa amefumba macho akingoja maua ya mwasumini aliyoyachagua mwenyewe. Pembeni alikaa mama yake, Bi Mwantumu, na mama yake mdogo, Sikujua.

Ndiyo, Sikujua. Ndilo jina alilopewa, na alikwisha kuchoka kutaniwa nalo. Kazi yake ilikuwa kuandika miongozo katika Jengo la Kumbukumbu, lile jengo lisilo na madirisha linalobeba kompyuta zote za mji. Yeye anaeleza mtambo unavyofanya kazi, ili mafundi wasome kabla ya kuugusa. Mafundi hawasomi, wanagusa kwanza. Mwongozo wake mkubwa alikuwa ameuandika kwa miaka kumi na mmoja, na chini ya jalada lake la mtandaoni palikuwa na kihesabio kilichosema: Wasomaji, mmoja. Sikujua aliamini huyo mmoja ni yeye mwenyewe, anapohakiki tahajia.

Mkono ukalia kengele, kazi imekwisha. Saumu akafumbua macho.

Mkono wake wa kulia, kwa herufi za madaha zilizojipinda kwenye vidole na kupanda hadi kiwikoni, ulisema: TANGAZO KWA WAKAAZI WA MTAA WA TATU HADI WA SITA. MAJI YATAKATIKA ALHAMISI KUANZIA SAA MOJA ASUBUHI. Mkono wa kushoto ulimalizia: TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU UTAKAOJITOKEZA.

"Mama," Saumu akasema taratibu, "mimi ni bibi harusi au ubao wa matangazo?"

Bi Mwantumu alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Mwenye saluni akajifungia stoo. Hina ile ilikuwa ya kisasa, haitoki kwa wiki mbili hata uisugue kwa mchanga.

"Nani kauchezea huu mkono?"

"Hatibu," akajibu mwenye saluni kutoka stoo. "Kauhamisha jana. Kasema ni zawadi."

Hatibu ndiye bwana harusi, na ni fundi wa Jengo la Kumbukumbu. Mkono wa hina ulikuwa ukiendeshwa na kompyuta ndogo ya saluni, nzito kama bibi mwenye magoti mabovu. Yeye akauunganisha na Jengo ili mchumba wake achorwe kwa kasi na ustadi wa hali ya juu. Alipoitwa alikuja mbio, na kwa kuwa bwana harusi hamwoni bibi harusi siku ya kuamkia harusi, akasimamishwa nyuma ya pazia. Viatu vyake tu ndivyo vilivyoonekana.

"Wewe!" Bi Mwantumu akaliambia pazia. "Mwanangu umemwandika bili za maji?"

"Si bili, mama. Ni tangazo."

"Usinisahihishe! Nikupe mtoto wangu wewe, mikono tu imekushinda? Hakuna harusi kesho. Nawapigia wazee wako sasa hivi, warudi na posa yao." Na simu alikwisha kuishika.

Saumu akaketi ghafla. Machozi yalianza kumtoka, na huyu si msichana wa kulialia.

"Haya sema," mama yake akaendelea. "Nani alikwambia uunganishe namna hiyo?"

Viatu vikasogea kidogo. Pazia likasema kwa sauti ndogo:

"Sikujua."

"Hukujua! Fundi mzima hukujua!"

Lakini Sikujua, pale kwenye kiti, akajiuliza. Kijana amekiri kwamba hakujua? Au amemtaja yeye? Sauti ile haikuwa na herufi kubwa wala ndogo.

Akachomoa nakala ya mwongozo wake kwenye mkoba na kufungua ukurasa wa arobaini na moja, unaoeleza jinsi ya kukabidhi kifaa kwa kompyuta-kivuli. Akasoma sentensi yake mwenyewe: *Hatua ya kwanza ya tafsiri ikishakamilika, kifaa kisome huko.*

Hapa inabidi tuelezane kidogo, la sivyo mtamwonea mtu. Kompyuta-kivuli si chuma. Ni kompyuta ya kuwaziwa tu ndani ya kompyuta kubwa, na Jengo lina vivuli mia nne. Kila kimoja kinajidhania kiko peke yake duniani, na visanduku vyake vya kumbukumbu kinavihesabu kuanzia namba moja. Mkono wa hina ukikabidhiwa kivuli, unajichotea michoro kumbukumbuni wenyewe, bila kumwuliza mtu, ndiyo maana una kasi. Sasa katikati husimama mtambo uitwao kikalimani, kazi yake kutafsiri anwani. Na hutafsiri mara mbili.

Sikujua alikumbuka siku alipoiandika sentensi ile. Ilikuwa Ijumaa mchana, njaa inamuuma, na moyoni akajisemea: nani atasoma? Akaweka "huko" akaenda kula wali.

"Dada," akasema, "weka simu chini."

"Siweki."

"Kijana amesema kweli. Ni Sikujua. Mimi."

Bi Mwantumu akamtazama asielewe. Sikujua akaona aibu inampanda usoni, ila alikwisha kuanza.

"Nikikwambia peleka sufuria chumbani, utauliza chumba gani. Nikisema cha tatu, umemaliza?"

"Cha nyumba ipi? Mtaa mzima una vyumba vya tatu."

"Ehee! Ndivyo hivyo. Mkono wa hina unasema, nataka ua lililoko kule. Kikalimani kinageuza 'kule' kuwa chumba cha tatu mle ndani ya kivuli cha saluni. Hiyo hatua ya kwanza. Halafu lazima kiulize nyumba ipi, kigeuze 'mle' kuwa pale penyewe, ndani ya chuma. Hiyo ya pili. Mimi nikaandika, baada ya hiyo ya kwanza, 'kisome huko'. Huko wapi? Sikusema. Hatibu akafuata neno kwa neno, akaona ya kwanza imetosha, akaizima hatua ya pili. Mkono ukaingia chumba cha tatu cha nyumba ya watu, na hiyo nyumba ni Idara ya Maji."

Mwenye saluni alifungua mlango wa stoo kidogo ili asikie vizuri.

"Na wewe," Sikujua akaligeukia pazia, "ule mwongozo uliusoma kweli?"

"Wote, mama mdogo. Kurasa mia mbili na kumi. Nikasema nikija kuposa nisiwe mgeni wa kazi yako."

Basi msomaji mmoja ni huyo. Miaka kumi na mmoja amemngoja msomaji, na msomaji alipokuja akamtumbukiza shimoni. Sikujua alijikuta anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na hakujali nani anaona.

"Kosa ni langu, Mwantumu. Ukirudisha posa, unirudishe na mimi."

Bi Mwantumu aliiangalia simu, akaangalia viatu, akauvuta mkono wa binti yake na kuusoma tena polepole, safari hii kwa utulivu.

"Alhamisi," akasema. "Si ndiyo kesho?"

"Ndiyo, mama," likajibu pazia.

"Watu mia tatu wanakuja kula pilau, na maji yanakatika! Sasa umesimama hapo unangoja nini? Kajaze mapipa!"

Viatu vikatoweka.

Alhamisi saa moja, mabomba ya mitaa minne yakakohoa na kunyamaza. Tangazo lilikuwa kwenye ukurasa wa Idara wiki tatu nzima, na hakuna aliyelisoma. Nyumba ya Bi Mwantumu peke yake ndiyo iliyokuwa na mapipa kumi na mawili yamejaa hadi ukingoni. Majirani wakaja na ndoo zao. "Nyie mlijuaje?" wakauliza, na Saumu akapandisha mkono wa gauni, akawaacha wasome wenyewe.

Jioni Hatibu alipoingizwa kumpa mkono mkewe, Saumu alimnyooshea wa kushoto kwa makusudi. TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU UTAKAOJITOKEZA.

"Nimekuonya mapema," akamwambia, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Jumatatu Sikujua alirudi kazini mapema. Akaufungua ukurasa wa arobaini na moja, akafuta "huko", akaandika: *Hatua ya kwanza hutoa kule na kuleta mle. Hatua ya pili hutoa mle na kufikisha pale. Kifaa kisome pale, na pale tu.* Akaisoma kwa sauti mara tatu. Akasogeza hadi kwenye kihesabio, kwa mazoea tu.

Wasomaji, wawili.

Kabla hajamaliza kushangaa, simu ikaita. Alikuwa dada yake, na sauti ilikuwa ya mtu aliyevaa miwani.

"Sikujua, ukurasa wa tisini umeandika 'kihifadhiwe humo'. Humo wapi?"