Marehemu Aliyefunga Rekodi

"Chui Mmoja, dawa ya chokaa imo bandarini. Una dakika ishirini."

Sauti ya Kanali Ansah ilikatika redioni. Dzifa Kpodo, jasusi wa Idara ya Usalama, alirudisha redio kiunoni. Alikwisha kuegesha pikipiki yake ya Yamaha mbele ya ofisi ya mizigo bandarini Tema, Ghana, bastola yake ya Beretta ikiwa imelala chini ya koti.

Dawa ya chokaa: vidonge bandia vya malaria. Mwezi uliopita aliwatazama watoto tisa wakizimika katika wodi moja, huku mama zao wakiendelea kuwapa vidonge hivyo kwa saa zake. Hasira ya siku ile haikuwa imempoa.

Malori arobaini yalikuwa kwenye foleni ya kutoka. Rekodi moja tu ya kompyuta ndiyo iliyojua ni lori lipi lililobeba vidonge.

Nayo ilikataa kufunguka.

"Tangu saa mbili, dada," alisema Naa Korkor, karani wa zamu. "Inanitolea kosa. Nimezima, nimewasha, mara tano."

"Nani alikwambia uzime?"

"Bwana Larbi, mkuu wa kompyuta. Nimempigia mara mbili. Anasema, 'Zima, washa, niache ninywe chai.'"

"Ujumbe wa kosa unasemaje?"

Korkor aliinua mabega. "Sisi huwa tunabonyeza 'sawa' tu, dada. Nani ana muda wa kusoma?"

"Soma."

"'Rekodi imefungwa. Inatumiwa na N. Odartey.'" Karani alirudisha kiti nyuma. "Mzee Odartey amekufa, dada."

"Lini?"

"Miezi mitatu sasa. Yuko mochwari. Wanamngoja mwanawe kutoka Uholanzi ndipo wazike."

"Na jina lake bado limo humu?"

"Tungelifutaje? Mtu hajazikwa, wewe umeshamfuta kazini? Ukoo wake ungesema sisi ndio tuliomuua."

Dzifa alisaga meno. "Kuna maandishi madogo chini. Soma na hayo."

"'Mashine kumi na nne.'" Korkor alitazama dari. "Ni ya Bwana Larbi, huko ghorofani."

Dzifa alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Larbi aliinua uso kutoka kwenye kikombe. "Wewe mama, kwenu hamjui hodi?"

Mkono wake wa kulia uliteleza ndani ya droo. Dzifa aliipiga droo teke. Bastola ilibaki ndani. Vidole pia.

"Umeifunga rekodi kwa jina la marehemu. Toka."

"Dada yangu," Larbi aliguna, "tuongee kama watu wazima. Kuna wakubwa watakupigia simu."

"Wapige. Bonyeza."

"Kwa mkono wa kushoto? Mbele ya mgeni?"

Beretta iligusa sikio lake.

Akabonyeza kwa kushoto.

Simu ya mezani ya Larbi ililia, Dzifa akaiinua. "Imefunguka, dada," alisema Korkor. "Lori la ishirini na saba. Limefika getini."

Dzifa akashika redio. "Kanali. Ishirini na saba."

"Nimekupata."

Kupitia dirisha aliona pikapu mbili za Hilux zikikingama mbele ya lori. Dereva aliteremka, mikono kichwani. Askari walivunja lakiri, wakaanza kushusha maboksi ya vidonge.

Alimfunga Larbi pingu kwenye mguu wa meza.

"Dada, vidole vimevunjika. Niitie basi daktari."

"Utaitiwa. Akikupa vidonge, omba Mungu viwe vya kweli."

Akaufunga mlango taratibu, kama mtu aliyekuja kuomba likizo akapewa.