Karavani ya Anatoli Isiyotulia

Jamani wenzangu, mnaokaa kwenye nyumba za matofali na nyie mnaokaa kwenye za tembe, tulieni kidogo niwaambie yaliyompata Febronia. Nyumba yake yeye ilikuwa na matairi.

Febronia alikuwa binti wa Ushirombo, amekulia karibu na misheni, akaolewa na Msukuma mmoja anaitwa Anatoli, mwana wa Ngassa. Anatoli alikuwa kibarua wa watafiti wa madini, wale waliokuwa wanazunguka porini wanagongagonga mawe kama wanamtafuta mtu ndani. Walipoondoka walimwachia karavani waliyokuwa wanalala humo, maana ekseli yake ilikuwa imepinda. Kitanda ndani, meza ndani, kadirisha ka kioo. Mama yake Anatoli, Bi Mbuke, mjane na nyonga yake mbovu, akapewa kitanda cha kwenye dirisha.

Ulipofika mwaka wa operesheni, watu wote wahamie kijiji kipya kule si mbali na Kalangalala, wenzao walikuwa wanabomoa nyumba, wanabeba milango vichwani na machozi yanawatoka. Anatoli akafunga ng'ombe kwenye karavani yake. Bi Mbuke amekaa dirishani anapungia watu mkono kama bibi harusi. "Tutaonana huko!" anawaambia. "Mimi nahama na joto la kitanda changu!" Watu wakaacha kulia, wakacheka.

Na kuituliza, Anatoli alijua. Karavani ina springi chini. Mmoja akikohoa, nyumba nzima inacheza ngoma. Basi akachagua ardhi ngumu, akakaza mawe mbele na nyuma ya matairi, akashusha miguu ya jeki kwenye pembe zote nne, na chini ya kila mguu akaweka kibao kipana cha mninga usije ukazama.

"Jeki za pembeni si za kunyanyua, Mama Zipora," alimwambia mkewe. "Ni za kukaza. Zinashikana na ardhi tu."

Halafu akaweka kikombe cha maji mezani, akamwambia binti yao Zipora aruke sakafuni. Mtoto akaruka mpaka akachoka. Maji yametulia kama yamelala.

"Umeona? Siku maji haya yakicheza, usiilaumu nyumba. Ardhi imesogea. Niite."

Febronia alilishika neno lile. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye pamba, anaweka kikombe mezani, anakitazama, anamwambia mkwewe, "Mayu, mama yangu, tumelala salama." Mkwewe anajibu, "Tumelala, mwanangu." Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na yalikuwa matamu.

Kikaja kiangazi. Anatoli alikuwa anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba, akapiga jiwe jeupe. Ndani ya jiwe kuna vijichembe vya njano. Mtu aliyekula chakula cha watafiti miaka yote ile hakuhitaji kuambiwa. Akafuata mkanda wa lile jiwe kwa macho: unapita chini ya karavani, sawasawa chini ya kitanda cha mama yake.

Enzi zile kujichimbia dhahabu lilikuwa kosa la kukupeleka ndani. Anatoli alilifukia shimo, akasema ardhi ya pale ni ngumu sana kwa choo. Kesho yake akaanza kuizungushia karavani mabati ya zamani, kuanzia sakafuni mpaka chini, pande zote.

"Ya nini hayo?" Febronia akauliza.

"Upepo. Ukiingia chini, ndio unaoitikisa."

"Mbona haitikisiki?"

"Ndio haitikisiki. Tunaizuia kabla."

Msomaji wangu, wewe umeshajua. Febronia alikuwa bado. Aliondoka na jembe lake begani, na nyuma yake mume akainua bati moja la upande wa kichakani, akaingia chini ya nyumba yake mwenyewe na sururu.

Kifusi akikimwaga uani, kitamsema. Alichofanya ni hiki: alikuwa anajaza kwenye toroli, anafunika majani, anaenda kukimwaga kwenye makorongo ya barabara ya kijiji. Anasawazisha, anashindilia na gogo. Watu wakamwona. Mwenyekiti wa kijiji, Stanslaus, akamsifu kwenye mkutano.

"Mnamwona mwenzenu Anatoli? Hajaitwa, hajasukumwa. Anajenga taifa kwa toroli lake! Makofi!"

Tukapiga makofi. Wote tulipiga. Hakuna hata mmoja aliyeuliza udongo ule unatoka wapi.

Maji yalianza kucheza kikombeni siku za mwisho wa kiangazi. Febronia aliinama mezani akatazama. Mduara mdogo katikati, unakuja, unapotea.

"Baba Zipora, njoo. Yanacheza."

Anatoli hakuja kuangalia. Alijibu yuko mlangoni, anapangusa mikono. "Ni wewe umeegemea meza."

"Sijaegemea. Ulisema nikuite."

"Haya, nitaikaza."

Akaikaza. Akachukua zile jeki mbili za mbele akazipeleka chini kwenye duara lake, lile shimo la kuchimbia, zikashikilie dari yake, maana udongo ulikuwa unamdondokea kichwani. Mahali pake juu akaweka magogo. Nyumba ikatulia juma zima, halafu ikaanza tena. Akafunga waya kutoka kwenye pembe mpaka kwenye vigingi. Ikaanza tena. Akaweka kabari. Kila mkewe akiuliza anaongeza kitu, na kila anachoongeza kinafunika tundu lililozidi kukua.

Kilichomshangaza Febronia zaidi ni mkwewe. Siku moja amerudi shamba amemkuta Bi Mbuke anagonga sakafu kwa fimbo yake, anacheka peke yake.

"Shikamoo, Mayu. Unamgongea nani?"

"Marahaba. Namjibu baba mkwe wako."

"Baba? Marehemu?"

"Ngassa huyo. Mkiondoka tu anaanza kubisha, gu, gu, gu, kutoka chini. Hata alipokuwa hai hakujua kubisha hodi vizuri. Mimi nikigonga, ananyamaza. Ananisikiliza." Bi Mbuke akajifuta jicho. "Hakuwahi kunisikiliza hivyo, mwanangu. Kifo kimemfundisha adabu."

Febronia alikuwa mtu wa rozari na misa. Akafanya ishara ya msalaba. Jioni akamweleza mumewe wakiwa wanakula. Anatoli alikuwa ameshika tonge. Hakulila, hakulirudisha.

"Mama amesikia nini?"

"Kubisha. Anasema ni baba."

Hapa ndipo, ndugu zangu, mlango wa kusema kweli ulipokuwa wazi kabisa. Angesema tu, "Mama, ni mimi." Maneno matatu. Lakini alifikiria mkanda wa jiwe jeupe, akafikiria polisi, akameza tonge lake.

"Inawezekana," alisema taratibu. "Nyumba hii ilikuja na matairi. Hatukumwonyesha baba mahali tulipohamia. Labda anatutafuta."

Bi Mbuke akapiga makofi kule kitandani. "Nilisema! Nyumba yoyote inajengwa, masamva, wazee wetu waliokufa, wanaambiwa. Hii ilikokotwa kama ng'ombe mwenye homa, nani aliwaambia? Ndio maana inatikisika, ng'wana Ngassa. Haijakaribishwa!"

Akaletwa Maige, mfumu, yaani mganga, wa kijiji cha jirani. Akachinjwa mbuzi. Damu ikanyunyizwa kwenye pembe zote, unga wa mtama na maji vikamwagwa mbele ya mlango, na Anatoli mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwana wa kiume, akasimama mbele ya watu akamwambia baba yake: hapa ndipo kwetu sasa, tulia, na nyumba itulie. Sauti haikumtetemeka. Bi Mbuke alilia kwa furaha mpaka kitambaa kikalowa.

Febronia alisimama pembeni na rozari mfukoni. Alikuwa anamtazama mumewe magotini. Suruali ina udongo mweupe, na shamba lao zima la pamba udongo wake ni mweusi.

"Unapiga magoti wapi, Baba Zipora?" alimuuliza baadaye.

"Barabarani. Unataka nijenge taifa nimesimama?"

Alicheka, na Febronia naye akacheka, kwa sababu alimpenda. Kwa majuma kadhaa kubisha kulikoma, maana Anatoli alikuwa anangoja mama yake asinzie ndipo achimbe. Bi Mbuke akawa anamwambia kila anayekuja kumsalimia, "Nyumba imeshatulizwa. Mwanangu mwenyewe ameituliza. Sasa nitafia humu."

Mvua ya kwanza ilianguka mchana. Febronia alikimbia kutoka shambani na mtoto mchanga, mdogo wake Zipora, mgongoni. Kikombe alichokiacha mezani asubuhi alikikuta sakafuni, upande wa dirisha, kimevunjika. Sakafu ilikuwa imeinama. Bi Mbuke alikuwa ameegemea ukuta bila kutaka, na anaimba.

Kuku na vifaranga wake walikuwa wamekimbilia chini ya karavani kukwepa mvua. Zipora akainua bati awafukuze, akaingiza kichwa. Akatoa sauti ambayo Febronia hakuisahau.

"Mama! Huku chini hakuna chini!"

Febronia alipiga magoti kwenye tope. Aliona magogo yamelazwa kuvuka mdomo wa shimo, na juu ya magogo ndiyo imekaa pembe nzima ya nyumba yake. Aliona ngazi. Aliona karai. Mbali kule chini aliona jeki zake mbili zimekaza dari ambayo haipo tena, na maji ya mvua yanamiminika humo kama kwenye mtungi. Sasa yote yalijipanga kichwani mwake: mabati, waya, magoti meupe, mkwe wake anajibu sakafu kwa fimbo.

Hakulia. Alimkabidhi Zipora mtoto. "Kimbia barabarani kamwite baba yako. Usirudi hapa karibu." Halafu akaingia ndani.

"Mayu, twende nje."

"Na mvua hii?"

"Nyumba inazama. Kuna shimo. Nakuomba, Mayu, nishike shingo."

"Shimo gani?" Bi Mbuke akashika chuma cha kitanda. Alikuwa mama wa mwili, na Febronia alikuwa mwembamba. "Nyie watu wa misheni hamkuamini tangu siku ile ya mbuzi. Nilikuona, umenuna kama mwenye jino. Nyumba imetulizwa."

Febronia alimvuta. Sakafu ikalia. Alivuta tena. Mkwewe akampiga na fimbo begani, si kwa chuki, kama unavyompiga mtoto msumbufu.

Anatoli alifika anahema, toroli ameliacha barabarani, na nyuma yake mwenyekiti Stanslaus na watu waliokuwa wanamsaidia kuziba makorongo. Alisimama kwenye tope mbele ya mlango. Hakuthubutu kukanyaga, alijua uzito wa kila gogo.

"Mama! Toka! Nilikudanganya!"

"Nini?"

"Si baba aliyekuwa anabisha! Ni mimi! Mimi ndiye nilikuwa nachimba chini ya kitanda chako! Mbuzi yule ilikuwa uongo, Mama, toka!"

Bi Mbuke alimtazama mwanaye kupitia dirisha. Uso wake ukalainika.

"Ng'wana Ngassa," akasema kwa upole, "mkeo amekulazimisha useme hivyo. Usihangaike. Mimi mtoto niliyemzaa hawezi kusimama mbele ya watu akamdanganya baba yake." Akamgeukia Febronia. "Mwanangu, kama unaogopa, shuka. Mimi nimekaa."

Febronia alikuwa bado amemshika mkwewe mkono, gogo la mbele lilipovunjika. Stanslaus, akiwa mlangoni, alimvuta Febronia kwa nguo, naye akaanguka nje. Mkono wa mkwewe ukamponyoka. Karavani iliinama mbele pole pole, kama ng'ombe anayepiga magoti, halafu ardhi yote ikafunguka, na matairi ya nyuma yakapanda hewani yanazunguka.

Walichimba mpaka mvua ikakatika. Bi Mbuke walimpata ameshika fimbo yake.

Na ile dhahabu? Anatoli aliwapa polisi yote aliyokuwa amekusanya. Haikutosha kujaza kisoda, na nyingi ilikuwa njano ya jiwe tu, si dhahabu.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa kwenye mkokoteni, likavutwa na ng'ombe wale wale waliohamisha karavani. Anatoli alitembea nyuma, kati ya askari wawili. Walipofika barabara ya kijiji, Febronia alitazama chini. Udongo mweupe, umeshindiliwa vizuri, hauna korongo hata moja. Udongo wa chini ya kitanda cha mkwewe. Mkokoteni ulipita juu yake mpaka mwisho, na jeneza halikutikisika hata kidogo.

FUNZO

Wenzangu, tamaa ya Anatoli mmeiona, sina haja ya kuirudia. Ninalotaka mkae nalo ni hili. Mtu wa nyumbani kwako akikuambia nyumba inatikisika, usimpe jibu la kumnyamazisha. Usiongeze gogo, usiongeze waya, usimwite mfumu wala padri akufunikie. Inama naye muangalie chini pamoja. Na ukishadanganya kwa heshima kubwa, mbele ya watu na kwa jina la baba yako, ujue siku ukitaka kuokoa mtu kwa kweli hutaaminiwa, na yule aliyekupenda zaidi ndiye atakayekukatalia zaidi.

Na sisi tuliopiga makofi: barabara tunaipita mpaka leo. Mtu akituletea kizuri, tumshukuru, halafu tumuulize amekitoa wapi.

Febronia sasa anakaa Ushirombo kwa kaka zake, nyumba ya udongo, nyasi juu. Kila asubuhi anaweka kikombe cha maji mezani. Wifi zake wanamcheka. Yeye anakitazama kwanza, ndipo anaamsha watoto.